Barua ya Posa kutoka Kiwanda cha Sabuni

Ukihesabu vitu, Jumuiya ya Kuwafikisha Wajawazito Hospitali ilikuwa tajiri kuliko kaya yoyote ya Mlingotini. Ilikuwa na bajaji tatu. Ilikuwa na fulana mia nne na ishirini zilizoandikwa "Mama Salama, Nguo Safi", na kwa kuwa wajawazito hawafiki idadi hiyo, wavuvi wa pweza nao walizivaa na kuingia nazo majini kwa heshima zote. Ilikuwa na hundi ya kadibodi yenye ukubwa wa mlango, ambayo mtunza fedha, Bi Batuli, aliisimamisha uani kuzuia kuku wasiingie jikoni. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja tu, petroli. Na mshahara wa dereva. Basi vitu viwili. Lakini mfadhili alikuwa ameeleza mara nyingi, na kwa upole mkubwa, kwamba vitu hivyo viwili si maendeleo. Ni matumizi.

Mfadhili mwenyewe alikuwa Povujema, kiwanda cha sabuni cha Dar es Salaam. Povujema walirudisha kwa jamii kila mwaka, na kurudisha kwao kulikuwa na masharti mengi kama dawa ya mganga. Kinachotolewa lazima kiwe kipya, kishikike kwa mkono, kipigike picha, na mradi wote uishe kabla ya miezi kumi na miwili. Mwaka wa kwanza walileta bajaji ya bluu, na watu walishukuru kwa dhati. Mwaka wa pili Bi Mwanamkasi, mwenyekiti wa jumuiya, aliomba petroli. Ikaja bajaji ya njano. Mwaka wa tatu aliomba mshahara wa dereva. Ikaja bajaji ya kijani, pamoja na semina ya siku mbili kuhusu namna ya kuandika maombi yanayoeleweka.

Dereva alikuwa mmoja tu, Maulida, na Mwenyezi Mungu hakumjalia makalio matatu. Aliendesha ile ya bluu. Ya njano na ya kijani zilikuwa zimeshachinjwa kimyakimya ili ya bluu iishi: moja ilitoa matairi, nyingine betri na waya wa breki. Kwenye ripoti ya mwaka Bi Mwanamkasi aliandika kwamba bajaji zote tatu zinatoa huduma, na hakusema uongo. Moja ilitoa huduma ya kwenda, mbili zilitoa vipuri.

Jumatatu moja ya mwisho wa mwezi, wakati mvua za vuli zinaanza kutibua njia ya mchanga, Maulida alitoka chini ya bajaji, akajifuta oili kwenye fulana ya "Mama Salama", akasema maneno ambayo Bi Mwanamkasi alikuwa akiyaogopa tangu Ramadhani.

"Dada, hoteli ya kule ufukweni wamenichukua. Gari la wageni. Naanza tarehe mosi."

"Wanakupa ngapi?"

"Laki nne. Na zinakuja."

Lile la mwisho ndilo lililouma. Jumuiya ilimwahidi laki mbili na nusu, na miezi minne sasa ilikuwa imempa ahadi yenyewe tu. Bi Mwanamkasi hakumlaumu. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akaacha kukuna nazi, akahesabu siku. Zilibaki sita.

Madereva wa bajaji Bagamoyo wako tele, lakini nani angempata mwingine kama huyu? Maulida alijua nyumba ya kila mimba kuanzia pwani hadi barabara ya lami. Alijua wapi pa kumwambia mume kwanza na wapi pa kutomwambia kabisa. Alijua mwendo ambao mwanamke mwenye uchungu anaweza kuuvumilia. Wanawake mia sita na kumi na mmoja walifika hospitali mikononi mwake. Kabla yake, Lulu, mtoto wa dada yake Bi Mwanamkasi, alisubiri lifti chini ya mkorosho kwa saa tatu na kujifungulia palepale, na mtoto hakuishi. Jumuiya ilizaliwa wiki ile. Tarehe mosi jumuiya isingekuwepo tena bila Maulida, zingebaki fulana.

Wakiwa katika hali hiyo, akaingia Mahmoud.

Mahmoud alikuwa afisa mdogo wa Povujema, kijana wa Pangani, mtoto wa watu, aliyefunga tai hata Mlingotini. Alikuwa ameacha gari mbali kwa kuogopa mchanga, na mvua ilimkuta njiani. Bahasha ilipoanza kulowa, alifanya alilofundishwa na mama yake kwa kila kitu cha thamani: alitoa leso nyeupe mfukoni, akaifunga barua vizuri, ncha juu ya ncha. Noti ya elfu kumi iliyokuwa mkononi, nayo akaitia humo humo isilowe.

"Hodi! Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu, pita, pita," alisema Bi Batuli. Mikono yake ilikuwa imejaa unga wa maandazi, kwa hiyo hakuweza kupokea alichopewa. Alinyoosha sinia. Mahmoud akaweka mzigo wake juu ya sinia, kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu.

Bi Batuli akatazama. Barua. Leso nyeupe. Ncha ya noti inachungulia. Sinia. Kijana mwenye tai, macho chini.

Mtu wa bara angeona barua iliyokingwa mvua. Bi Batuli alizaliwa pwani, akalelewa pwani na kuoza mabinti watano palepale pwani. Alipiga kigelegele kilichowarusha kuku hadi juu ya hundi. Nyumba ya pili ikaitikia, ya tatu ikaitikia, bila kujua wanaitikia nini, kwa sababu kigelegele hakiulizwi.

"Kuna nini huko?" ilikuja sauti kutoka ng'ambo ya uzio wa makuti.

"Posa!"

"Anaposwa nani?"

"Maulida!"

"Na nani?"

"Kijana wa sabuni!"

Maulida, aliyekuwa amerudi chini ya bajaji, akatoa kichwa. Alimkagua Mahmoud kuanzia viatu hadi tai.

"Huyu? Huyu kaacha kunyonya lini?"

"Jamani, mama zangu," alisema Mahmoud, jasho likiishinda mvua, "mimi nimetumwa tu. Nimeleta barua ya watu."

"Si nimesema!" alisema Bi Batuli bila kutetereka hata kidogo. "Yeye mshenga. Mwenyewe hajaja. Na ndivyo inavyotakiwa."

Bi Mwanamkasi alijua kabisa barua ile imetoka wapi. Nembo ya povu ilionekana hata kupitia leso. Lakini alikuwa na siku sita, na mtu mwenye siku sita hakatai mlango ulioachwa wazi kwa bahati mbaya. Alijifunga khanga vizuri, akakaa, akafungua leso, akasoma kwa sauti ya msibani.

"'Tunayo furaha kuonesha nia yetu ya kujenga uhusiano na jumuiya yenu, uhusiano wenye tija kwa pande zote mbili...'"

"Maneno mazuri," alisema Bi Batuli. "Kasoma huyo."

"'...kwa kipindi kisichozidi miezi kumi na miwili.'"

Bi Batuli alishusha sinia.

"Miezi kumi na miwili?" Bi Batuli aliuliza. "Huyo mume, au mpangaji?"

"'Katika kipindi hicho kampuni itatoa bajaji moja, ya rangi ya waridi, pamoja na hafla ya uzinduzi. Kampuni haitagharimia mafuta, mishahara, matengenezo, wala kodi.'"

"Yaani anakuja na kitanda kipya," alisema Maulida kutoka chini ya bajaji, "ila chakula ujitegemee."

"Na kitanda cha nne hicho," alisema Bi Batuli. "Vitatu vimo ndani, hakuna pa kupita."

Bi Mwanamkasi alikunja barua. Akamwambia Mahmoud kwamba posa imefika, imepokelewa, wazee watakaa, na jibu litapelekwa baada ya siku mbili kama ilivyo desturi. Mahmoud alifungua mdomo kueleza, kisha akaufunga. Alikuwa Mpangani. Alijua kwamba barua iliyofika kwa sinia haiwezi tena kuwa kitu kingine.

"Ila mama," alisema akiwa mlangoni, kwa aibu, "ile elfu kumi..."

"Ile imefungua barua."

"Ilikuwa ya mafuta ya gari. Ya kurudia."

"Ya nini?"

"Ya mafuta, mama."

"Kumbe afisa naye anahitaji mafuta," alisema Bi Mwanamkasi taratibu. "Nilidhani ni sisi tu." Akamrudishia.

Jibu liliandikwa usiku huohuo na kuondoka Jumatano. Lilikuwa jibu la posa, neno kwa neno, kama yale ambayo Bi Mwanamkasi amewaandikia mabinti wa nusu ya kijiji. Lilimshukuru mposaji kwa heshima aliyoionesha. Lilisema nyumba haikatai. Lilisema pia kwamba binti haolewi kwa mwaka, kwa hiyo mposaji atamke miaka, isipungue mitatu. Kwamba vyombo anavyo, asiletewe kingine. Na kwamba kinachotakiwa ni mkaja. Kwa faida ya ofisi zenye vioo, barua ilieleza: mkaja ni kile kitambaa mama anachojifunga tumboni akishazaa, na fedha ya mkaja ni ile anayopewa mama wa binti siku ya kuoza, kwa tumbo lile na uchungu ule. Anaipokea, anaitumia anavyoona. Mwisho lilitaja kiasi: milioni kumi na nane.

Ijumaa baada ya sala gari jeupe lilikwama kwenye mchanga, likasukumwa na wavuvi wanne waliovaa "Mama Salama", na kutoka ndani yake akashuka Bi Naila, mkurugenzi wa misaada wa Povujema, akiwa na Mahmoud nyuma yake. Katika miaka kumi na mmoja ya kutoa, alikuwa hajawahi kuona mtu anayekataa kitu. Alitaka kumwona kwa macho.

Alikuta mkeka umetandikwa. Bi Mwanamkasi na Bi Batuli walikuwa upande mmoja, wamevaa doti za sikukuu. Mahmoud aliketishwa katikati.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi," alianza Bi Naila. "Nimekuja tuelewane. Barua yenu..."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana," alisema Bi Mwanamkasi, kisha akageukia dari.

"Mshenga ndiye anayesema," alinong'ona Bi Batuli. "Mposaji hajisemei. Utaonekana una papara."

Bi Naila alimtazama Mahmoud. Mahmoud alitazama vidole vyake vya miguu. Mkurugenzi alikuwa amelelewa Upanga na kusomea ng'ambo, lakini bibi yake alikuwa wa Bagamoyo mjini, na kuna mambo yanayokaa mwilini. Alijikunja, akakaa, akavuta mtandio.

"Haya. Waambie kampuni haiwezi kutoa fedha za matumizi, kwa sababu matokeo yake hayapimiki."

"Wanasema," alisema Mahmoud, "hawajui pesa ikitoka itakwenda wapi."

"Mwulize," alisema Bi Batuli, "yeye ameolewa?"

"Wanauliza kama umeolewa."

"Nimewasikia, Mahmoud. Nimeolewa."

"Ameolewa."

"Mama yake alipewa mkaja?"

Bi Naila alisita. "Alipewa."

"Alinunulia nini?"

"Sijui."

"Mume wako anajua?"

"Hakuuliza."

"Hakudai risiti?"

"Angedai risiti kwa mama yangu!" Bi Naila alicheka kabla hajajizuia. "Angerudi kwao na barua yake siku ileile."

"Hakutuma watu kuja kuhakiki? Hakutaka ripoti ya robo mwaka, na picha ya mama yako ameshika noti?"

"Hapana."

"Na ndoa ina miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Kumi na minne," alirudia Mahmoud, kwa uaminifu wa mshenga, ingawa mkeka mzima ulikuwa umesikia.

Bi Batuli alijimiminia kahawa kama hakimu aliyemaliza.

Bi Mwanamkasi ndiye aliyeacha mchezo. Alimtazama mkurugenzi usoni. "Mwanangu, nilimwuliza fundi bei ya bajaji mpya. Milioni kumi. Uzinduzi wenu wa mwaka jana, mahema, muziki, fulana, biriani la wageni waliotoka mjini, ulikula nane. Nilikuwepo, nilihesabu sahani. Jumla kumi na nane. Maulida na petroli yake na matairi yake ni milioni sita kwa mwaka. Ile siku yenu moja ni miaka mitatu yetu. Sijaomba hata shilingi ya ziada. Nimeomba ileile, isije na muziki."

Mvua ilidunda kwenye bati. Bi Naila alitoa miwani, akaifuta, akairudisha.

"Nikiandika petroli," alisema, sasa bila mshenga, "kamati itaniuliza: mwaka kesho utatuonesha nini? Mnadhani mimi napenda bajaji za waridi? Na mimi nina mkataba wa mwaka mmoja. Kila Desemba nakaa nasubiri kama utaongezwa. Kila Desemba lazima niwe na kitu kipya cha kuwaonesha."

Bi Batuli aliacha kunywa. "Kumbe na wewe!" alisema. Halafu, kwa sauti ya mtu aliyempata mgonjwa mwenziwe hospitalini, "Pole, mwanangu. Chukua andazi."

Maulida aliingia kuaga. Hotelini walikuwa wamempa sare mapema ajaribu: shati jeupe lenye samaki mfukoni. Lilimkaa vizuri, na hilo lilimwudhi kila mtu.

"Dada Maulida," alisema Bi Naila, "wakikupa ile laki mbili na nusu, utabaki?"

"Wakinipa lini?"

"Tuseme mwezi huu."

"Na mwezi wa kumi na tatu?"

Bi Naila aliliweka andazi chini.

"Mimi sina kinyongo na mtu," alisema Maulida. "Tena laki mbili na nusu zinanitosha, nakaa kwangu, sipandi gari la mtu. Lakini nina watoto wawili shuleni, na shule haiishi kila baada ya miezi kumi na miwili." Akatoka.

Ni Mahmoud aliyelipata jibu. Alikuwa amekaa muda mrefu kwenye mkeka, miguu imekufa ganzi, na labda ganzi ilipanda ikawa busara.

"Bi Naila, kamati inataka kitu ambacho kampuni haijawahi kufanya, si ndiyo?"

"Ndiyo. Ubunifu. Kila mwaka."

"Kampuni imewahi kumwachia mtu fedha miaka mitatu bila kumfuata nyuma?"

"Haijawahi."

"Basi."

Bi Naila aliomba andazi la pili, na kalamu.

Kamati ya Povujema ilikaa Jumamosi, kwa dharura. Inasemekana wajumbe walipoambiwa kwamba hawatanunua chochote, walishtuka. Walipoambiwa kwamba hakuna kiwanda kingine nchini kilichothubutu jambo hilo, walinyoosha migongo. Na mjumbe mmoja akauliza kama kutonunua kitu kunaweza kuandikwa nembo. Jioni simu ya Bi Mwanamkasi iliita. Miaka mitatu, milioni sita kila mwaka, zitumike jumuiya inavyoona. Ripoti moja kwa mwaka, ukurasa mmoja. Sharti lilikuwa moja, na hili halikuwa na mjadala: mpiga picha.

Maulida aliposikia hakuruka wala hakulia. Alisema ataamini akiziona. Jumatatu, kabla ya kumaliza chai, aliziona kwenye simu yake, mshahara wa mwezi na ile minne ya nyuma. Ndipo alipolikunja lile shati la samaki, akalipeleka hotelini mwenyewe.

"Umewaambiaje?" aliuliza Bi Mwanamkasi aliporudi.

"Nimewaambia wanisubiri miaka mitatu."

Mpiga picha alifika Alhamisi, na Bi Naila, na Mahmoud asiye na tai. Alikuwa kijana mwenye kamera mbili na fulana yenye mifuko mingi, na alizunguka uani kama mtu aliyepoteza mbuzi.

"Sasa kiko wapi kilichotolewa?"

"Kimo ndani ya tanki," alisema Bi Batuli.

"Naweza kukiona?"

"Chungulia. Usiwashe kiberiti."

"Na kingine?"

"Kingine kimelipa ada ya shule Jumanne. Kilichobaki kimo kwenye lile tairi la nyuma, ndani, upepo."

Mpiga picha alimgeukia mkurugenzi. Mkurugenzi alitazama pembeni, mdomo umefungwa kwa nguvu ya mtu anayezuia kicheko kazini. Wakakubaliana kwamba Maulida asimame mbele ya bajaji ya bluu, mkono mmoja kwenye usukani, atabasamu kuelekea miaka mitatu ijayo. Bi Mwanamkasi asimame kulia. Bi Naila akabidhi kitu. Kitu gani, itafikiriwa. Mpiga picha alisogea nyuma hadi kwenye banda la kuku, akapiga goti, akafumba jicho moja.

Simu ya Maulida iliita.

"Wapi? Kwa Bwanaheri? Maji yameshatoka? Mlazeni kwa ubavu, nakuja." Alikuwa ameshapanda kabla hajakata. Bajaji ilinguruma mara moja tu na kuwaka, jambo ambalo halijatokea tangu mwaka wa pili, ikageuka kwa gurudumu moja, ikampita mpiga picha na kummwagia mchanga mpaka kwenye mifuko yote.

"Dada! Dada!" Alikuwa anaikimbilia njiani, kamera zikimpiga kifuani. "Simama kidogo tu nipige! Dakika moja!"

"Kamwambie mtoto!" alijibu Maulida, na kukata kona ya mikorosho.